Kwa nini bomba la PVC halifai kupitisha hewa ya kompresa

Mafundi wenye karakana nyumbani, wawe wa kujaza magurudumu upepo au wa kupuliza rangi, huvutiwa na bomba la plastiki aina ya PVC kwa kuwa bei yake ni nafuu na huunganishwa kwa gundi tu. Hata hivyo, bomba hilo ni hatari linapobeba hewa iliyoshindiliwa.

Kipimo cha shinikizo kilichochapwa juu yake ni cha maji. Bomba la maji likipasuka, shinikizo hushuka papo hapo. Hewa, kinyume chake, hutanuka ghafla na kurusha vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa jicho. Joto hulilegeza bomba hilo na jua hulifanya livunjike upesi, nalo hupasuka bila dalili. Mwaka 1988, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilionya dhidi ya kulitumia kwa kazi hiyo juu ya ardhi bila kinga.

Mabomba yafaayo ni ya chuma, shaba au alumini, yenye uwezo unaozidi shinikizo la kompresa. Yalazwe kwa mteremko, na koki ya kutolea maji iwekwe mwishoni. Aliyekwisha kufunga PVC azime kompresa, atoe hewa yote, kisha alibadilishe.