Moto wa Shirokiya na Uzushi wa Chupi

Sijapata kuzungumza mbele ya watu juu ya mavazi ya Wajapani bila ya mtu kuniuliza kama ni kweli kwamba wanawake wa nchi ile hawakuijua chupi mpaka duka la Shirokiya lilipoungua. Na kwa kuwa swali hili nimekwisha kulijibu kwa upole mara nyingi, na bado linarudi, leo nalijibu kwa maandishi, bila ya upole.

Moto wenyewe ni kweli. Tarehe 16 Desemba 1932, katika duka hilo la ghorofa lililokuwa Nihonbashi, Tokyo, cheche za taa za mti wa Krismasi zilishika vitu vya kuchezea vya seluloidi katika ghorofa ya nne, na watu 14 wakafa, wengi wao kwa kuanguka. Yaliyotiwa juu ya msiba huo ndiyo nisiyoyakubali: ati wauzaji wa kike, waliovaa kimono wala hawana chupi, walikuwa wakishuka kwa kamba, upepo ukawapeperusha pindo, nao kwa haya wakaachia mkono ili wajisitiri, wakaanguka, na ati tangu siku ile wanawake wa Japani wakaanza kuvaa chupi.

Kabla ya kuisadiki riwaya, mtu huuliza imetoka kwa nani. Hii ilitoka kwa mkubwa mmoja wa duka lile lile, akizungumza na magazeti siku chache baada ya moto. Mtafiti Inoue Shoichi, katika kitabu chake *Pantsu ga mieru* cha mwaka 2002, aliyafukua magazeti ya wakati ule, akaonyesha kwamba vifo vile vina sababu zilizo wazi zaidi: kamba za vitambaa vilivyofungwa kwa haraka hazikuhimili, na watu waliofikiwa na moto waliruka. Duka linaloulizwa kwa nini watu wake hawakuwa na njia ya kutokea hupata nafuu kubwa pale lawama inapohamia kwenye haya ya marehemu, na mimi linaloniudhi zaidi ni kwamba wanawake wale, waliokufa kifo kigumu kazini, wamefanywa kichekesho kwa zaidi ya miaka 90.

Tena hesabu yenyewe haikubali. Mtafiti Kon Wajiro, aliyesimama Ginza, Tokyo, mwaka 1925 akihesabu wapita njia, aliwakuta karibu wanawake 99 katika kila 100 wamevaa Kijapani. Na chini ya kimono mlikuwa na koshimaki, yaani kitambaa kinachozungushwa kiunoni na kushuka mpaka chini ya magoti, kama mwanamke wa Pwani anavyojifunga kanga ya ndani, na juu yake hadajuban, yaani shati la ndani, kisha nagajuban, yaani kanzu ndefu ya ndani. Aliyevaa hivyo hakujiona yu uchi, wala hapakuwa na upungufu wa sitara uliongoja moto ili utimizwe. Chupi ilifuata gauni: iliingia taratibu pamoja na mavazi ya michezo na sare za Kizungu za shule za wasichana, ikaenea hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kimono ilipoachiwa sherehe. Inoue anakwenda mbali zaidi, nami naafikiana naye, kwamba ile haya kali ya kuonekana chupi haikuwako kabla yake, bali ilikua kadiri vazi hilo lilivyozoeleka.

Kadhalika sidiria haikuletwa na msiba wowote, bali na biashara. Tsukamoto Koichi, aliyerudi kutoka vitani mwaka 1946, alianza Kyoto kwa kuuza mapambo ya wanawake. Mwaka 1949 akashika biashara ya vijazio vya kifua vya waya uliopindwa na kufunikwa kitambaa, na kampuni yake ndiyo Wacoal ya leo. Naye Kamoi Yoko, aliyeacha uandishi wa magazeti huko Osaka, katika miaka ya 1950 alishona nguo za ndani za rangi kali, wakati nyeupe ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya heshima. Huyo angefaa kuulizwa habari zake kuliko moto ule.

Sasa kwa wanaotaka kununua nguo za ndani za Kijapani. Katika kipimo cha sidiria cha Kijapani herufi hutangulia namba, kama B75, na namba ni sentimita za chini ya matiti. Herufi ni tofauti kati ya kipimo cha juu ya matiti na cha chini yake: sentimita 10 ni A, 12.5 ni B, 15 ni C, hivyo aliyezoea B ya Ulaya aanzie C. Chupi hupimwa kwa nyonga, na M ni sentimita 87 hadi 95, kwa hiyo wengi wetu watahitaji L au zaidi. Fua ndani ya mfuko wa wavu, anika ndani ya nyumba au nyuma ya taulo, maana wezi wa nguo za ndani wapo kweli. Na ukikodi kimono Kyoto, vaa chupi yako isiyo na mshono mnene, acha nyumbani sidiria ya waya kwa sababu kimono hutaka kifua kilicholala, na hadajuban mwachie anayekuvisha aifunge yeye.