Sakafu ya Mbao na Adui Zake Wawili

Nyumba ya babu yangu iliyoko Jinja ina sakafu ya mbao za mvule. Mwaka huu, mpangaji alipohama, tulikuta mbao za sebuleni zimeinuka mgongo, na wazee wakaanza kushauriana kuzing'oa na kuweka vigae. Yafaa mtu ajue kwanza zimeinuliwa na nini.

Watu wengi hudhani ya kuwa sakafu ya mbao huharibiwa na miguu. Sivyo. Adui zake ni maji na mchanga. Mvule haupendwi na mchwa, na kwa hiyo watu hufikiri ya kuwa maji nayo hayauwezi. Walakini ubao wo wote, hata uliokauka miaka mingi, hunywa maji ukavimba. Urefu wake hauzidi sana, huzidi upana. Basi kila ubao humsukuma mwenziwe, na ukuta hausogei. Hapana njia ila kwenda juu. Ndiyo sababu fundi hodari huacha nafasi ndogo kando ya ukuta, kama upana wa kidole, akaifunika kwa ubao mwembamba. Mpangaji wetu alikuwa akipiga deki kwa ndoo nzima, kama afanyavyo mtu juu ya saruji, na hakuna nafasi itoshayo maji hayo.

Mchanga huingia na viatu, na kila hatua ni kama kupiga msasa. Kwa bahati desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni yatusaidia. Fagia kila siku kwa ufagio laini, kisha pangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa hata kisidondoshe tone, ukifuata mkondo wa mbao.

Kabla ya kupaka kitu cho chote, kwaruza kwa ukucha pembeni. Ukucha ukitoka na kitu laini cha mafuta, sakafu yako ina nta. Ipake nta nyembamba, uiache ikauke, uisugue kwa kitambaa cha sufu. Usipoona kitu, na juu pana ngozi ngumu ing'aayo, hiyo ni vanishi. Nta juu ya vanishi huleta utelezi tu, tena vanishi mpya haitashika hapo. Alama nyeupe ya maji juu ya nta huondoka kwa kusugua; nyeusi imekwisha kuingia ndani ya mbao, nayo yataka msasa.

Nami nilimwomba babu tungoje. Tukaacha madirisha wazi kila mchana, pasipo tone la maji. Baada ya miezi miwili mbao nyingi zimelala tena. Mbili zimepasuka, na fundi atazibadili, ijapokuwa bei ya mvule si ndogo, kwa maana miti mikubwa imepungua sana. Habari ya vigae babu haitaji tena.