Nani Hajanigusa?

Sogeeni hapa barazani, wanangu. Wewe mwenye jezi nyekundu iliyokufika magotini, kaa mbele, maana leo wewe ndiye mwenye kesi. Nimekuona tangu alasiri. Wenzako wamejazana mahali pamoja kama nyuki, wewe umesimama pembeni peke yako, unachora nyumba mchangani kwa kidole cha mguu. Kisha ukaja hapa umenuna. Ukaniuliza, "Mjomba, mbona mpira haunijii?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Wapo wakubwa wamefundisha mpira miaka mingi na hawajawahi kuliuliza.

Lakini sitalijibu mimi. Tumwulize mwenyewe.

Huyu hapa. Mpakate, umwangalie vizuri. Tumbo lake ni vitambaa vilivyookotwa chini ya cherehani ya fundi. Ngozi yake ni soksi moja kuukuu, ya pili ilikwishapotea. Mshipi wake ni kamba ya katani, imezungushwa huku na huku mpaka imekaza. Katani sisi watu wa Tanga tunaijua. Mkonge unaotoa katani uliletwa Pangani mwaka 1893. Miche iliyopona safarini ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, na huo ndio mwanzo wa mashamba yale mnayoyaona mkienda Muheza na Korogwe. Leo kipande chake kimefunga tumbo la mpira wenu.

Jina lake Chandimu. Nyamazeni, anataka kusema.

"Mimi Chandimu. Zamani ndugu zangu walivikwa mifuko ya plastiki. Mifuko ile ilipopigwa marufuku, tarehe 1 Juni 2019, mimi nikarudi kwenye nguo. Sikuchukia. Nguo ni laini kwa mguu mtupu. Kazi yangu ni moja tu, kuguswa. Kila jioni nikirudishwa uani najiuliza: nani hajanigusa?

"Leo mlikuwa ishirini na wawili. Mlinitupa katikati, na baada ya hapo nikawa naona visigino tu. Nikapigwa mbele, nikapigwa nyuma, nikakanyagwa. Wakubwa watatu walinigusa, wakanigusa tena, wakanigusa tena. Mara moja nilichungulia kati ya miguu, nikaona jezi nyekundu kule mbali. Nikataka kumwendea. Njia ikafungwa. Nikalala na swali langu: nani hajanigusa?"

Mmemsikia?

Haya, na mimi niwaulize. Kwenye harusi, sinia moja la pilau wanakaa watu wangapi?

"Wanne!"

"Watano!"

Naam. Wanne au watano. Kila mkono unafika, hata wa mtoto. Sasa chukua sinia hilo hilo, ulizungushie watu ishirini na wawili. Nani atashiba? Mwenye mkono mrefu. Na mdogo? Mdogo atarudi nyumbani na harufu ya pilau tu.

Mpira ni sinia, wanangu. Mkizidi, mdogo halifikii. Haukuwa uvivu wako, wewe wa jezi nyekundu. Mlikuwa wengi siniani.

"Lakini mjomba, kwenye Simba na Yanga si wanacheza kumi na mmoja?"

Swali zuri hilo. Ndiyo, wanacheza kumi na mmoja. Kanuni za mpira ziko 17, na bodi inayozitunza iliundwa mwaka 1886. Kitabu chao ni kikubwa na chafaa kuheshimiwa. Lakini kitabu hicho hicho kinasema watoto wanaweza kupunguziwa: uwanja uwe mdogo, magoli yawe madogo, mpira uwe mwepesi, muda uwe mfupi, na aliyetoka aruhusiwe kurudi uwanjani. Ni kama kanzu ya Idi. Baba ana yake. Wewe huvikwi ya baba ukaanza kujikwaa njiani. Unapelekwa kwa fundi, anakupima bega, anakupima urefu, anakata.

Basi tukate na sisi.

Tuanze na goli. Goli la wakubwa ni mita 7.32 kwa upana na mita 2.44 kwa urefu. Mimi mwenyewe nikinyoosha mkono sifiki juu mpaka niruke. Ukimweka hapo kipa wa miaka saba, umemwambia azibe mlango wa ghala kwa kiwiliwili chake. Atafungwa goli kumi, atalia, na kesho hatakuja. Kwa watoto wa miaka saba na minane, Waingereza wanatumia goli la mita 3.66 kwa 1.83. Upana ni nusu ya lile. Sisi hatuna nguzo, tuna ndala. Ndala moja hapa, hatua nne, ndala nyingine. Na kwa kuwa hatuna mwamba wa juu, tukubaliane kabla ya kuanza: mpira ukipita juu ya mikono ya kipa iliyonyooshwa, si goli. Tukubaliane kabla, nasema. Ugomvi mwingi wa mpira wa mtaani unatokana na kanuni iliyotungwa baada ya goli kuingia.

Mpira wenyewe je? Ule wa dukani, namba 5, una gramu 410 hadi 450. Hiyo ni karibu nusu kilo ya sukari. Mguu mdogo ukiupiga, unaouma ni mguu. Ukipata wa dukani, tafuta namba 3.

Lakini Chandimu ana siri moja, na hii naipenda kuliko zote. Mdundishe chini. Umeona? Hadundi. Anakaa. Sasa nendeni nami mbali kidogo, Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Mwaka 1930 nchi hiyo ilitwaa Kombe la Dunia la kwanza kabisa, na watoto wa mji mzima walitaka mpira. Mwalimu mmoja, Juan Carlos Ceriani, akatazama ukumbi wake mdogo wa mazoezi. Akaazima hesabu ya mpira wa kikapu, watano kwa watano. Huo ndio mwanzo wa futsal. Na mpira wa futsal hutengenezwa makusudi usidunde sana, ili ukae mguuni, mchezaji ajifunze kuutawala. Wao wanaununua ili usidunde. Nyinyi mnafunga soksi kwa katani, mnapata kitu hicho hicho. Msiwaonee haya wenye mipira ya dukani.

"Mjomba, na uwanja uwe mkubwa kiasi gani?"

Hatua zangu ndefu, arubaini kwa thelathini. Hiyo ni kama mita 36 kwa 27. Binti wa mwenye duka, wewe unajua hesabu, nisaidie. Uwanja wa wakubwa ni mita 105 kwa 68. Ukipanga humo viwanja vyetu vidogo, viwili huku na viwili kule, vinaenea vinne na njia ya kupita inabaki. Kila kimoja kina watoto kumi, watano kwa watano. Jumla?

"Arubaini!"

Wakubwa wangecheza ishirini na wawili, wengine wakae wanaangalia. Sisi wote arubaini tunacheza, na akina Chandimu wanne wanaguswa kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka kila anayepanga mpira wa watoto aifanye kabla ya kupuliza filimbi. Hata Uingereza, kwa wenye mpira wao, ilifika mwaka 2012 ndipo wakapiga kura kwamba wadogo kabisa waanze watano kwa watano, kisha saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa. Ngazi kwa ngazi.

"Na kuotea, mjomba?"

Hakuna kuotea. Huu ni ua, na ndani ya ua nani utamwambia ametangulia mno?

Mpira ukitoka pembeni, usirushwe. Uweke chini, uupige kwa mguu au uukokote uingie nao. Kipa akidaka, au mpira ukitoka nyuma ya goli lake, wapinzani wote warudi nusu yao kwanza. Hapo najua mtanuna, kwa sababu mnapenda kumvamia. Lakini fikirini mtu anayetoka nyumbani kwake. Unambania mlangoni? Unampisha atoke, mnakutana njiani. Kipa akipishwa, ataanza kwa pasi fupi badala ya kubutua ovyo. Na kipa awe wa zamu. Ile tabia ya kumweka golini asiyejua kucheza, au aliyenenepa, au mdogo kuliko wote, mimi siipendi hata kidogo. Kila mtu adake dakika tano, kisha abadilishwe.

"Kona tatu penalti je?"

Ha! Hiyo nani kawafundisha? Hakuna aliyewafundisha. Mlizaliwa mkaikuta. Haimo katika zile 17, lakini ina akili. Uwanja wetu una ukuta wa nyumba upande huu na mtaro upande ule. Kona utaipigia wapi? Basi mnaziweka akiba, tatu kwa penalti moja, kama mtu anayekusanya sarafu anunue andazi. Ibakieni nayo. Na penalti mnazipenda, najua, hasa tangu Agosti 2023, Simba na Yanga walipogombea Ngao ya Jamii hapa kwetu, uwanja wa Mkwakwani. Dakika zikaisha bila goli, na kipa wa Simba, Ally Salim, akapangua mikwaju mitatu.

Lakini ipo kanuni yenu moja ambayo Chandimu mwenyewe anataka kuisemea.

"Kanuni ya mwenye mpira," anasema Chandimu. "Mwenye mpira hatoki. Mwenye mpira hadaki. Mwenye mpira akiitwa na mama yake, mchezo umekwisha. Kwani mimi nina mwenyewe? Nguo ni za fundi. Soksi ni ya kaka. Katani imetoka shamba. Walionifunga ni wanne."

Nami naungana naye. Hiyo tuifute leo hii, hapa barazani.

Muda usizidi dakika arubaini, tugawe mara mbili. Saa hatuna, tuna adhana ya magharibi, na tuna bahari. Maji yakipwa, ufuo wa mchanga mgumu unatandikwa kama mkeka. Hata wakubwa wana mpira wao wa ufukweni, watano kwa watano, pekupeku, vipindi vitatu vya dakika 12. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji huenda mbali sana na uwanja unakuwa mpana. Lakini hurudi kwa kasi pia. Kwa hiyo huko ufukweni kanuni ya kwanza ni hii: mtu mzima awepo. Ya pili: maji yakigusa ndala ya goli, mchezo umekwisha, hata kama mmebakisha penalti.

Nani kashinda, nani kashindwa? Hesabuni magoli, furahini, mkifika nyumbani msahau. Msiniletee msimamo wa ligi ya watoto wa miaka saba. Misimamo ina wenyewe. Timu yetu ya Tanga, Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walizaliwa mwaka 1948 na wakatwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988. Hesabu zenu zitakuja, bado zina miaka.

Jana jioni tulijaribu, mtakumbuka. Kumi tu, ndala nne, hatua zangu arubaini kwa thelathini. Dakika za mwanzo mlikuwa nyuki bado. Kisha nyuki wakachoka, maana uwanjani kuna nafasi na wenzenu wanaonekana. Binti wa mwenye duka akainua kichwa, akaona jezi nyekundu, akasukuma pasi chini chini. Chandimu akaja polepole, hadundi, akakaa kwenye wayo. Wewe ukamwangalia kwanza. Ukasahau kwamba unatakiwa kupiga. Wote tukakungoja. Halafu ukapiga tobo, ndiyo, tobo, mpira ukapita kati ya miguu ya mkubwa wa mtaa mzima! Goli halikuingia. Lakini nilikuona ulivyorudi nyumbani mbio, jezi inapepea, unaita mama tangu nje ya mlango.

Ndiyo maana leo, wenzako walipokurudisha kwenye ishirini na wawili, ukauliza mbona mpira haukujii. Umefanya vizuri kuuliza.

Basi Jumamosi, maji yakipwa, njooni kumi kumi. Leteni ndala nne, leteni maji ya kunywa, mwiteni na dada anayechungulia dirishani. Mkiwa kumi na mmoja, huyo wa kumi na mmoja asirudishwe nyumbani. Anakaa pembeni dakika tano, anaingia, mwingine anatoka. Mimi nitakuwepo na filimbi, na tukimaliza nitamwuliza Chandimu nani hajamgusa.