TINGATINGA: MKULIMA ALIYEJIFUNDISHA KUCHORA

Ndugu msomaji, ukisikia neno tingatinga, unafikiri nini? Bila shaka unafikiri trekta kubwa la kusukuma udongo na kung'oa visiki. Lakini leo tunazungumza juu ya mtu. Jina lake ni Edward Saidi Tingatinga. Trekta hufungua njia porini. Mtu huyu naye alifungua njia, na wengi wameipita.

Alitoka wapi?

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Wazazi wake walikuwa wakulima wadogo kama wewe. Alisoma miaka michache tu ya shule ya msingi. Katika miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kazi. Alikata mkonge huko Tanga. Kisha alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa watu wengine.

Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Hakuna chuo kilichomfundisha. Aliangalia, akajaribu, akarudia tena. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Vifaa vyake

Labda utasema, "Mimi sina fedha za kununua vifaa vya kuchorea." Tazama yeye alifanya nini. Hakununua vitambaa vya wachoraji, kwa sababu ni ghali. Alichukua hadibodi, yaani zile mbao nyembamba za kutengenezea dari. Alizikata vipande vya mraba. Rangi yake ilikuwa ile rangi ya mafuta inayong'aa, ambayo watu hupaka baiskeli. Vitu hivyo vilipatikana katika maduka ya kawaida.

Alichora nini? Alichora chui, tembo, ndege na mibuyu. Kwa kawaida alichora mnyama mmoja mkubwa katikati, na nyuma yake rangi moja tu. Picha zake hazikufanana na picha za Ulaya, wala hakujaribu kuziiga. Alichora vitu ambavyo mtu wa kwao anavijua. Ukiiona picha yake, unajua mchoraji ametoka wapi.

Aliziuza picha hizo nje ya maduka ya Morogoro Stores, huko Oysterbay. Wageni wengi waliishi sehemu hiyo, nao wakazinunua.

Hakula peke yake

Wanunuzi walipoongezeka, Tingatinga angeweza kuificha kazi yake. Wako watu wa namna hiyo, hata vijijini. Mtu anajua kuunganisha miche ya michungwa, lakini jirani akija kuuliza, anafunga mlango. Tingatinga hakufanya hivyo. Aliwaita vijana, wengi wao ndugu na jamaa zake wa kusini. Baadhi yao ni January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Abdallah Ajaba. Walikaa pamoja, wakamtazama mwalimu wao akichora, nao wakachora.

Mwaka 1972 msiba uliwapata. Polisi walimpiga risasi Tingatinga huko Dar es Salaam, kwa kumdhania kuwa mhalifu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kama angekuwa ameficha ujuzi wake, ungezikwa pamoja naye. Lakini ulikuwa umekwisha kuingia katika mikono ya wengine. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Walishirikiana, wakafundisha wengine. Mwaka 1990 walikuwa na chama chao cha ushirika cha wachoraji.

Picha nazo zilibadilika. Wachoraji waliofuata walianza kuchora maisha ya watu: soko, harusi, hospitali, mganga na wagonjwa wake, wanawake wakitwanga. Picha ya namna hiyo ni kama kioo. Kijiji kinajitazama ndani yake na kusema, "Hawa ni sisi." Leo uchoraji huu unaitwa "Tingatinga", nao unafanywa Bara na Zanzibar.

Lakini iko hatari moja. Mnunuzi akipenda picha fulani, kila mchoraji huiiga ileile. Hapo soko hujaa vitu vinavyofanana, na bei hushuka. Mkulima anayajua mambo haya. Kijiji kizima kikipanda nyanya wakati mmoja, nyanya huozea sokoni. Kujifunza kwa mwenzako ni vizuri, lakini ongeza na lako.

Na wewe je?

Katika kijiji chenu yuko mfinyanzi, msusi wa mikeka, mchongaji wa mipini, au mama anayejua mbegu za zamani. Wengi wao ni wazee. Je, nani anajifunza kwao? Usingoje siku ya matanga ndipo useme, "Marehemu alikuwa fundi." Mpeleke mwanao kwake sasa. Na kama fundi ni wewe mwenyewe, fungua mlango.

Jadilianeni katika kikundi chenu cha kusoma:

1. Tingatinga alitumia vifaa gani, na kwa nini?
2. Kwa nini kazi yake haikufa pamoja naye?
3. Ni ujuzi gani unaokaribia kupotea kijijini kwenu? Nani atafundishwa, na kuanzia lini?