Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza: Namna ya Kununua Spana ya Racheti

Jioni moja, baada ya mauzo ya korosho, mpwa wangu alikuja kunitembelea hapa Mikindani. Alikuwa amekumbatia sanduku dogo la plastiki, uso umemchangamka kama mtu aliyeokota lulu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Una nini humo?"

"Spana za racheti, mjomba. Vipande 46! Nimezipata kwa mchuuzi pale stendi, bei ya bure kabisa. Sasa nafungua gereji yangu ya pikipiki."

Akafungua sanduku. Kila kipande king'ae kama sarafu mpya. Nikamwuliza, "Na fedha umepata wapi?"

"Mama amenipa. Ni za korosho."

Hapo nikanyamaza. Nazijua fedha za dada yangu. Ni fedha za kupalilia, za kupulizia salfa ili ubwiri unga usikaushe maua, za kuinama chini ya mikorosho na kuokota moja moja, kisha kungoja mnada. Fedha ya namna hiyo si ya kuchezea.

Hayakupita majuma matatu. Katekista mmoja alimletea kijana wetu pikipiki yake, kwa sababu Jumapili ilikuwa yampasa kwenda kuongoza ibada kigangoni. Nati moja ilikuwa imekaza. Kijana akavuta racheti kwa nguvu. Ndani yake meno yakaruka, mkono ukaenda bure, vidole vikagonga injini na kuchanika. Alipojaribu tena, soketi ikateleza na kuila nati pembe zote hata ikawa mviringo. Ilibidi aitwe fundi mwingine aje kuikata kwa tindo. Gharama alilipa kijana. Jumapili ile wakristo wa kigango walikaa kanisani wakimngoja katekista, naye hakufika.

Wasomaji wapendwa, kijana huyu si mvivu wala si mpumbavu. Kosa lake ni moja: alinunua kwa macho. Basi yafaa tuzungumze habari za chombo hiki, maana vijana wetu wengi siku hizi wanaishi kwa pikipiki, kwa mashine za kupulizia mikorosho, kwa injini za mashua na za kusaga nafaka. Mikono yao ni mali, na spana ni ndugu ya mkono.

RACHETI NI NINI?

Spana ya kawaida huishika nati, ukaizungusha kidogo, kisha ukaitoa na kuirudisha tena. Racheti haitolewi. Ndani ya kichwa chake mna gurudumu dogo lenye meno, na kipande cha chuma kinachosukumwa na springi ili kiyashike meno hayo. Ukivuta upande mmoja, chuma huuma na nati hugeuka. Ukirudisha mkono, chuma huruka juu ya meno, nawe wasikia tra-tra-tra. Kuna kitufe au kiwiko cha kugeuza, ili mara ifungue, mara ikaze.

Si kitu cha jana. Huko Marekani, fundi mmoja aitwaye J. J. Richardson alipewa hati ya uvumbuzi wa racheti yenye soketi za kubadilisha mwaka 1863. Miaka 3 baadaye, mwaka 1866, Dakta Livingstone alishukia hapa hapa Mikindani, akaondoka kwenda bara.

Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni mpini unaovishwa soketi. Ya pili ni spana ya pete yenye meno ndani ya pete yenyewe. Hiyo ni nyembamba, nayo huingia mahali soketi isipoingia.

Muuzaji atakuambia, "Hii ina meno 72." Maana yake ni nini? Mzunguko mzima ni digrii 360. Gawa kwa 72, wapata 5. Basi kila digrii 5 racheti yauma. Yenye meno 24 huuma kila digrii 15. Penye nafasi finyu chini ya tangi la pikipiki, meno mengi ni faida, kwa maana mkono hauna pa kuyumba. Lakini kumbuka, meno yakiwa mengi huwa madogo. Katika chuma kizuri hayana shida. Katika chuma kibovu, meno madogo hukatika upesi. Kwa hiyo usinunue hesabu ya meno, nunua chuma.

MAJINA YA MADUKANI

Katika maduka ya Mtwara mjini, na zaidi huko Kariakoo na Gerezani Dar es Salaam, utakuta vyombo vya ngazi nyingi. Tuvipange.

Ngazi ya chini kabisa ni vile visivyo na jina, au vyenye jina lililoigwa kwa kubadili herufi moja. Hivi ndivyo vinavyojitembeza. Hakuna wa kumrudia vikivunjika.

Ngazi ya pili ni majina ya Kichina ya bei nafuu, kama Ingco, Total na Tolsen. Watu huyadharau kwa kuwa ni ya China. Si haki. Kampuni hizi zina majina ya kulinda, tena Ingco na Total zina maduka na mawakala katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Kwa fundi mwanzo mwenye pikipiki chache kwa siku, hapa ndipo pa kuanzia. Ila jihadhari na bandia zao pia.

Ngazi ya tatu ni za Taiwan, kama King Tony na Toptul. Bei yapanda, nazo zimetengenezwa kwa kumfikiria fundi anayeishika spana kutwa.

Ngazi ya juu ni za Ujerumani, kama Gedore, Hazet na Stahlwille. Hazet ilianza mwaka 1868, Gedore mwaka 1919. Ni nzuri, lakini bei yake ni ya kiwanda, si ya kijana wa kijijini. Asiyeweza asihuzunike.

Na za mtumba je? Spana nzuri iliyotumika, isiyo na ufa, hushinda mpya mbovu. Lakini mwulize muuzaji aliipata wapi. Mtu akikuletea usiku sanduku zima la spana kwa bei ya nusu kilo ya sukari, wajua mwenyewe zimetoka kwenye gereji ya nani. Amri ya saba humkataza mwizi, nayo humkataza pia anayemnunulia mwizi.

IPIME KABLA YA KULIPA

Toka nyumbani na nati mfukoni. Chukua bolti yenye nati ya 14 na nyingine ya 10, zisizolika. Dukani fanya haya:

Kwanza, vika soketi kwenye nati. Ikicheza-cheza, irudishe. Chagua soketi yenye pande 6 kuliko ile ya pembe 12, maana ya pande 6 huikumbatia nati vizuri zaidi, hasa iliyokwisha kulika.

Pili, shika kichwa cha racheti uzungushe kwa vidole. Yapasa irudi kwa wepesi, na mlio uwe wa sawasawa. Ikiruka hapa na kukwama pale, usiichukue.

Tatu, geuza kiwiko cha kubadili upande mara kumi. Kikilegea au kikijigeuza chenyewe, kitakusaliti kazini.

Nne, tazama neno Cr-V, yaani chuma kilichochanganywa na kromu na vanadiamu. Ni alama njema, lakini si ushahidi. Hata mdanganyifu ana muhuri. Tazama pia mng'ao: ukibanduka kwa ukucha, baharini kwetu huku kutu itaingia kabla ya Pasaka.

Tano, uliza kama vifaa vya ndani vya racheti ile vyapatikana peke yake. Baadhi ya kampuni huviuza, ukafufua racheti kwa gharama ndogo.

Sita, dai risiti. Ni haki yako, na bila risiti huna neno. Ukiuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye kushughulikia mambo hayo.

USIHESABU VIPANDE

Sanduku lile la vipande 46 lilikuwa na nini? Nusu yake na zaidi ni vichwa vya bisibisi na vijiti vidogo. Soketi kubwa kuliko zote ilikuwa ya 14. Nati za gurudumu la pikipiki nyingi ni 17 na 19. Basi alinunua vingi, akakosa alivyohitaji!

Fundi wa pikipiki aanze hivi: spana za kawaida, upande mmoja mdomo na upande mwingine pete, namba 8, 10, 12, 13, 14, 17 na 19, spana ya plagi, kisha racheti moja nzuri na soketi za namba hizo hizo. Ile spana ya kupanua na kubana, ambayo mafundi wameipa jina lisilofaa kuandikwa katika gazeti hili, isiwe ya kila siku, maana hula pembe za nati.

Tena fanya hesabu. Tuseme racheti ya shilingi 10,000 yavunjika kila miezi 4. Kwa mwaka ni shilingi 30,000, kwa miaka 5 ni 150,000. Ya shilingi 45,000 ikidumu miaka hiyo 5, umeokoa shilingi 105,000, na vidole vyako. Huu ni mfano tu, lakini rahisi huwa ghali kwa njia hii hii.

Kuhusu kupatana bei, Kitabu cha Mithali chamtaja mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya muuzaji, kisha akienda zake hujisifu. Patana, lakini pasipo uongo. Vijana watatu wakinunua pamoja, mwenye duka hupunguza bila kusukumwa.

KUITUNZA

Nati iliyokaza usiifungue kwa racheti. Ilegeze kwanza kwa spana ya pete yenye mpini mrefu, ndipo racheti imalize. Usiuongezee mpini bomba. Usiigeuze kuwa nyundo. Jioni ifute chumvi na vumbi, tone moja la oili nyepesi kichwani latosha. Grisi nzito huyafunga meno.

Nilikwenda na mpwa wangu hadi Mtwara mjini, nati mfukoni. Duka la kwanza tulitoka mikono mitupu. La tatu tulinunua spana saba na racheti moja, si zaidi. Muuzaji alicheka kuona tunapima, kisha akatuletea nzuri alizozificha nyuma. Kijana sasa anamrudishia mama yake fedha kidogo kidogo, na katekista amerudi kwake na pikipiki.

Wazazi, mtoto akitaka kuanza kazi, msimpe fedha tu. Mpeni na mzee wa kwenda naye dukani. Mtakatifu Yosefu alikuwa fundi, na tangu mwaka 1955 Kanisa humkumbuka kila tarehe 1 Mei kama msimamizi wa wafanyakazi. Atuombee, ili kazi ya mikono yetu iwe safi, na vyombo vyake viwe vya kweli.