Pikapu kuukuu, moyo wa mitumba

Pikapu za Peugeot 504 ziliunganishwa hapa Kenya mpaka mwaka 2004, na mabaki yake yangali mengi huku kwetu Pwani. Nyingine zatembea. Nyingine zimekaa uani juu ya matofali, kuku wamezifanya ndizo tundu lao, na mwenyewe haziuzi kwa kuwa bodi ingali nzima na chesisi haijaliwa na kutu. Kilichokufa ni injini tu. Mwenye gari la namna hiyo alikuwa na njia mbili: atafute injini nyingine kuukuu, au amwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi pana njia ya tatu inayotajwa sana mabarazani, nayo ni kuing'oa injini, kutia mota ya umeme na betri zilizotolewa katika gari jingine lililopata ajali, na kuendelea na safari bila ya tone la petroli.

Wasomaji kadhaa wameniuliza kama haya ni ya kweli au ni hadithi tu. Ni ya kweli, wala si mageni. Gari la kwanza duniani kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, na aliyeliendesha ni Mbelgiji Camille Jenatzy, mwaka 1899. Mafuta yalipoadimika mwaka 1973, baada ya vita vya Oktoba baina ya Waarabu na Israeli, wako mafundi wa majumbani huko Marekani waliozigeuza gari zao kwa mota kuukuu za ndege na betri za risasi. Na hapa kwetu kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na ambayo tangu 2022 yaitwa Roam, imepata kuzigeuza gari za kuwatembezea watalii mbugani. Lakini hao walitumia vifaa vipya. Ninalotaka kulizungumza leo ni la mtu wa kawaida mwenye pikapu yake moja, ambaye uwezo wake ni wa vifaa vya mitumba.

Vifaa hivyo aghalabu hutoka katika Nissan Leaf, gari lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010. Mota yake ina nguvu ya kilowati 80, ambazo pikapu yetu haikuwa nazo hata ilipotoka kiwandani. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya yuniti 24, na yuniti hii ni ile ile tunayoinunua kwa tokeni nyumbani. Ina uzito unaokaribia kilo 300. Ndani yake mna vijibetri 192, viwili viwili kwa pamoja, kisha jozi 96 zimefuatana mkononi mmoja baada ya mwingine kama shanga katika uzi. Hapo ndipo penye siri ya mambo yote, na nawaomba wasomaji wapashike: umeme ukitoka hupita katika jozi zote 96, hivyo jozi moja ikiwa dhaifu, betri nzima husimama pale pale jozi ile inaposimama. Jozi 95 zaweza kuwa na nguvu, zisifae kitu.

Wasomaji waikumbuka habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta majimaji chini, ilhali juu palikuwa pakavu. Tangu nilipofahamu namna betri hizi zilivyoundwa, habari ile hainitoki.

Nilivutwa katika jambo hili na rafiki yangu mmoja, mchuuzi wa nazi na madafu, akaaye Kikambala na kuuza Kongowea. Pikapu yake, aliyoachiwa na marehemu babake, ilikufa injini, na muda wote huo amekuwa akikodi gari la watu, faida yote ikaishia katika kukodi. Fundi mmoja kijana alimwambia kuwa ataweza kumgeuzia pikapu iwe ya umeme, na kwamba betri iko katika yadi moja bara ya kaskazini, nzima, haina neno. Pesa hazikutosha. Mkewe akakubali zitolewe bangili zake za mahari ziuzwe, ila aliuliza swali moja: "Baba watoto, hiyo betri imekula chumvi ngapi?" Mume hakuwa na jibu, akaja kwangu. "Ustadh," aliniambia, "wewe wasomasoma. Nisaidie kuuliza."

Basi tukenda kuuliza.

Kwanza niseme juu ya kazi yenyewe, kwani fundi yule kijana aliniridhisha. Pikapu kuukuu yafaa kwa kazi hii kuliko gari jipya. Giaboksi imekaa kwa urefu, propela yaenda nyuma mpaka kwenye difu, na chini ya boneti pana nafasi. Injini, rejeta, ekzosi na tangi hutolewa vyote. Mota huunganishwa na giaboksi ile ile ya zamani kwa sahani nene ya chuma na kiungo cha katikati, na vitu hivyo viwili havinunuliwi dukani, lazima vikerezwe. Hapa Mombasa tuna bahati. Wako wakerezaji waliozeeka katika kazi za meli, mtu akakerezea shafti kwa jicho na kidole kabla hajashika kipimo. Lakini hapa vipimo havina budi, kwa sababu mota ikikaa upande hata kwa unene wa unywele, beringi zitalia na kufa mapema. Klachi yaweza kuachwa kabisa. Mota ya umeme haizimiki taa zikiwa nyekundu, hivyo dereva hutia gia ya pili au ya tatu akazunguka nayo mji mzima.

Ubongo wa gari ndio ulionishangaza. Vifaa vya Leaf huzungumza baina yao kwa lugha ya kompyuta, na inveta ikitengwa na wenziwe hukataa kufanya kazi, mfano wa mtu aliyetekwa. Kuna watu, huko Ujerumani na Ireland, waliotengeneza kadi za kuihadaa inveta idhani kuwa ingali nyumbani kwake, na michoro yake wakaitoa bure kwa kila atakaye. Nakiri kwamba ukarimu huo ulinipendeza kuliko mota yenyewe.

Kuna jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni breki. Busta ya breki huvutwa na pumzi ya injini ya petroli. Ukiitoa injini, kanyagio laweza kuwa gumu kama jiwe, na gari lililobeba nazi za tele likateremka daraja la Mtwapa bila ya msaada. Sharti itiwe pampu ndogo ya umeme ya kufyonza hewa. Vile vile yatakiwa kifaa cha kuushusha umeme mkubwa uwe wa volti 12 kwa taa, honi na waipa. Nilimuuliza kijana kuhusu breki kabla ya kitu chochote. Alikuwa na jibu tayari, na pampu alikuwa amekwisha inunua. Nikamwona ni fundi.

Sasa hatari. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Betri hii ikijaa yakaribia volti 400, na ni umeme wa mkondo mmoja. Waya zake zimefunikwa kwa rangi ya machungwa ili kila mtu azijue. Katikati ya betri mna plagi ya kukatia, lakini wengi hudhani kuwa ikishachomolewa basi betri imekufa. Sivyo. Imekatwa vipande viwili, na kila kipande kingali na nusu ya umeme wake. Kwenye inveta nako umeme hubaki, na kiwanda chenyewe chaagiza kungoja dakika 10 kabla ya kugusa. Pete hutolewa, saa hutolewa, glavu za mpira zilizopimwa kwa umeme huvaliwa, wala mtu hafanyi kazi hii akiwa peke yake. Vijana wetu wa jua kali ni hodari na hawaogopi kitu. Sifa hiyo ya pili ndiyo inayonitia hofu. Betri hii haimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Na kuna joto. Leaf haikutiwa maji ya kupooza betri kama magari mengine ya umeme. Hupoa kwa hewa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Phoenix, katika jimbo la Arizona, walilalamika kuwa betri zao zachakaa upesi kuliko walivyoahidiwa, na baadaye Nissan ikaongeza dhamana na kutoa betri inayostahamili joto zaidi. Mombasa haina jua la jangwa la Phoenix, lakini yetu ni joto la mwaka mzima lisilopumzika, pamoja na chumvi ya bahari. Betri ya hapa yataka sanduku lisilopitisha maji, kivuli cha mwembe, na isiachwe ikiwa imejaa pomoni juani kutwa.

Tulipofika yadi, mwenye mali alitupokea vizuri. Leaf yenyewe ilikuwa imepondeka nyuma, kioo cha mbele kimepasuka, lakini yawaka. Akatuonyesha kando ya dashibodi mistari 12 midogo, ambayo huonyesha afya ya betri. Yote 12 ilikuwepo. "Kama mpya," alisema. Rafiki yangu akanitazama kwa furaha.

Yule kijana hakusema neno. Alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akafungua simu yake penye programu iitwayo LeafSpy, akaanza kusoma. Betri hii ikiwa mpya husoma kiasi cha ampea-saa 65. Hii ilisoma 41. Kwa hesabu hiyo mistari ilipaswa kuwa 8, si 12. Mistari ile, alitueleza, yaweza kurudishwa kwa kompyuta ionekane imejaa, na baada ya siku kadhaa za kuendesha huanza kushuka tena yenyewe. Kisha akalikanyaga gari kidogo, mbele na nyuma uani mle, akiwa anatazama jozi zote 96 zilizosimama katika kioo cha simu mfano wa vijiti vya ua. Zote zikainama pamoja kidogo. Moja ikaanguka.

Mwenye yadi aliapa kwamba yeye naye aliinunua hivyo hivyo kwa mtu mwingine. Sina sababu ya kumkadhibisha. Lakini nilimkumbusha, kwa taratibu, tuliyosomeshwa sote chuoni, kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu wajibu wake ni kuitaja, na mnunuzi aliyefichwa ana khiari ya kukirudisha. Hakukasirika. Alikaa kimya, akaagiza kahawa.

Biashara ikaanza upya. Bei ilishuka kwa zaidi ya thuluthi. Jozi mbili huwa ndani ya kisanduku kimoja, na visanduku ni 48, hivyo mwenye yadi alikubali kutoa kisanduku kingine kutoka betri iliyovunjwa, kilichopimwa kikakaribiana na wenziwe. Tukaandika karatasi: ampea-saa 41, nambari ya kisanduku kilichobadilishwa, muda wa siku 30 za kurudisha, na mashahidi wawili.

Je, betri hiyo yafaa? Tufanye hesabu. Yuniti 24 zimebaki kama 15, na za kutumia kwa salama ni 13 hivi. Pikapu yenye mzigo, kwa mwendo wa wastani, hula robo yuniti kwa kilomita. Basi ni kilomita 50 na kitu. Kikambala mpaka Kongowea ni kiasi cha kilomita 25, kwenda na kurudi 50. Ni kama kujaza kata mpaka ukingoni na kuivusha barabara. Betri mpya ingemfikisha na kumrudisha kwa raha. Hii yataka atie umeme kidogo huko sokoni. Saa 3 za plagi ya kawaida zampa yuniti 6, nazo zatosha. Nyumbani akichomeka baada ya Isha, Alfajiri imekwisha jaa. Mzigo nao utapungua, kwani pikapu iliyokuwa ikibeba tani moja na zaidi sasa yaibeba na betri pia.

Kwa injini ya zamani safari hiyo ilimla lita 6 hivi. Bei msomaji ajaze mwenyewe, maana ya petroli hutangazwa upya katikati ya kila mwezi. Kiwanda cha Changamwe kilikoma kusafisha mafuta mwaka 2013, na petroli yetu huja bandarini ikiwa imekwisha safishwa ng'ambo. Umeme wetu mwingi ni wa mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana.

Mkewe alipoelezwa hesabu hiyo aliuliza plagi ya sokoni ni ya nani. Ikawa lazima rafiki yangu aende Kongowea kuzungumza na mwenye duka la nafaka, ambaye alikubali kwa sharti iwekwe mita ndogo peke yake, na yuniti zilipwe kila Alhamisi. Ndipo bangili mbili kati ya nne zikauzwa.

Limebaki la serikali. Gari likibadilishwa injini, kitabu chake hakina budi kubadilishwa na gari likakaguliwe, na kampuni ya bima iarifiwe. Asiyefanya hivyo akapata ajali, bima yaweza kumkana. Fundi amepanga kupeleka picha za kila hatua pamoja na risiti, na ile karatasi ya yadi.

Siku niliyoandika haya pikapu ilikuwa ingali juu ya matofali, boneti wazi, kuku wamehamishwa. Pampu ya breki imekwisha fungwa. Sahani ya chuma iko kwa mkerezaji, amesema imezidi kidogo upande mmoja na hatoitoa mpaka Jumatatu.