Vidole Vilivyolegea, Kifundo Kinachofanya Kazi

Mtu akiumia uti wa mgongo shingoni, ndugu huuliza: atatembea lini? Yeye mwenyewe, miezi ikipita, huanza kuuliza jingine. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani, Kim Anderson, alichapisha majibu ya watu 681 wanaoishi na jeraha la uti wa mgongo. Karibu nusu ya waliopooza mikono na miguu walitaka mikono irudi kwanza. Sishangai. Miguu ina kiti cha magurudumu, lakini mkono hauna cha kukalia nafasi yake.

Tunapoupima mkono, tunaanza na misuli. Neva zinazotoka shingoni zimegawana kazi ngazi kwa ngazi: ya 5 hukunja kiwiko, ya 6 huinua kiganja, ya 7 hunyoosha kiwiko, ya 8 hukunja vidole, na neva ya kwanza ya kifua hutanua vidole. Msuli hupewa alama 0 hadi 5. Sifuri maana yake haustuki hata kidogo; 3 unainua kiungo dhidi ya uzito wa kiungo chenyewe; 5 ni nguvu kamili. Alama hizi zinatuonyesha jeraha limefika wapi. Kama mgonjwa atajilisha au hatajilisha, hazisemi.

Mchukue mtu ambaye neva yake ya 6 imesalimika lakini ya 7 na ya 8 hazifanyi kazi. Kwenye karatasi, vidole vyake vina sifuri. Sasa jaribu wewe msomaji: legeza mkono, uache kiganja kining'inie. Vidole vinafunguka. Kisha inua kiganja kwa kifundo tu, bila kuvikaza vidole. Vinajikunja vyenyewe, na gumba linaegemea ubavu wa kidole cha shahada. Ni kano zinazovutwa na kifundo, kama kamba inayofunga mdomo wa mfuko. Kwa mshiko huo mtu hushika kijiko, mswaki, hata kikombe chepesi.

Hapa nina ombi kwa wanaouguza nyumbani. Kwa upendo kabisa, mama au shangazi hukaa kitandani akivinyoosha vidole vilivyojikunja, kiganja kikiwa kimeinuliwa. Kano zikilegezwa hivyo siku baada ya siku, mshiko ule hupotea. Ukinyoosha vidole, acha kifundo kijikunje. Ukiinua kifundo, acha vidole vijikunje.

Kwa kuwa alama za misuli haziuoni mshiko huo, wataalamu wa Toronto na Zurich walibuni kipimo kiitwacho GRASSP. Pamoja na nguvu, kinapima hisia kwa nyuzi za nailoni zenye unene tofauti, zinazobonyezwa kwenye vidole huku mgonjwa hatazami. Sehemu hii nisingependa iharakishwe. Mkono usiohisi hufanya kazi pale tu jicho linapouona. Ndani ya mfuko au gizani unapotea, na sufuria ya moto huuchoma kimyakimya. Baadaye huja kazi za mikono: kumimina maji ya chupa, kufungua mfuniko wa chombo, kugeuza ufunguo, kutumbukiza sarafu, kukaza nati. Mpimaji haangalii tu kama kazi imekwisha, anaangalia mshiko uliotumika. Aliyebana chupa kwa viganja viwili amefaulu kwa njia yake, na njia hiyo nayo inaandikwa.

Mimi huongeza langu, lisilo na alama popote: tonge la ugali. Kumega, kufinyanga na kubonyeza kidimbwi cha mchuzi kwa gumba kunadai nguvu, hisia ya joto na gumba linaloenda peke yake. Nati hukazwa na mafundi. Ugali tunakula wote. Wengi hushindwa mwanzoni na huhitaji kijiko chenye mpini mnene, na hilo pia ni jibu la kipimo.

Kisha naleta mrija wa kutolea mkojo, ambao wengi wa wagonjwa hawa huutumia kila baada ya saa 4 hadi 6. Namwomba mgonjwa afungue pakiti yake, autoe, aushike bila kuuangusha. Pengine alama zake zimepanda mbili tu tangu mwezi uliopita. Lakini akiweza hilo, usiku wa leo mama yake halazimiki kuamka.